Simu Juu ya Mparachichi

Kwenye mteremko mmoja unaotazamana na kilima cha Manga, katika kaunti ya Nyamira, mna boma lenye mparachichi mkongwe, wa jamii ile ya miti ambayo watu wa pwani huiita miembe mafuta, na katika panda lake la tatu pamefungwa ufito mrefu wa mkaratusi, ambao nchani mwake kimening'inizwa kitu ambacho mgeni, akiwa hajaambiwa, aghalabu hukidhania kuwa ni cha kutishia ndege au hirizi ya kuzuia wezi wa matunda. Ukikaribia utaona kuwa ni chupa ya plastiki ya lita tano iliyokatwa kitako, na ndani yake mna simu ya miaka mingi, kioo chake kimepasuka pembeni, nayo imekazwa kwa mpira wa baiskeli ili isichezecheze upepo ukivuma. Waya mwembamba unashuka kutoka kwenye chupa, unapita juu ya kamba ya kuanikia nguo, unaingia dirishani, na huo ndio unaoilisha simu ile stima. Hiyo ndiyo intaneti ya boma zima. Kwa kuwa iko juu, simu hiyo huuona mlingoti wa mtandao ulio ng'ambo ya bonde, huyapokea mawimbi yake, kisha huwagawia walio chini kwa njia ya waifai, na walio chini ni mwenye boma, ambaye ni mwalimu mstaafu, na mkewe, na binti yao anayesoma chuo, na watoto wawili wa jirani ambao huja na madaftari yao wakakaa ukumbini mpaka wafukuzwe na usingizi.

Nilimwuliza, "Mwalimu, mbona usiiweke darini, ikapona jua na mvua?"

Akacheka. "Darini ni mabati, mwanangu. Mabati hayapitishi kitu ila kelele za mvua."

Jibu hilo lina elimu zaidi ya matangazo yote ya bando niliyopata kuyasikia, na nimeliweka mwanzoni kwa makusudi, kwa sababu watu wengi tuliopewa riziki ya kuishi mashambani huichukulia intaneti kama tunavyoichukulia mvua ya mawe, yaani ni jambo lishukalo kwa kudura, likija tushukuru na lisipokuja tustahamili, ilhali kwa hakika udhaifu wake una sababu zinazojulikana, na zilizo nyingi katika sababu hizo zimo machoni petu, kilimani, mtini, na juu ya paa la nyumba.

Msomaji asiyepata kufika Gusii, nchi ya kaunti za Kisii na Nyamira huko Kenya, huenda akadhani kwamba nasimulia habari za nyika iliyo baidi na watu, ambako kampuni za simu haziendi kwa kuwa hakuna wa kumwuzia. Hasha. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na watu 605,576 katika Nyamira, na ukiwagawanya wale wa Kisii kwa ardhi waliyo nayo utapata kiasi cha watu 957 kwa kila kilomita moja ya mraba, idadi ambayo miji kadhaa ya dunia haina. Kutoka Suneka hadi Keroka hutembei hatua mia bila kupishana na nyumba. Migomba ya huyu imegusana na majani chai ya yule, na mtu akipiga chafya kwake huombewa afya kwa jirani. Tena mji wa Kisii haukusahauliwa na wenye mitambo, kwani mwezi Machi 2021, kampuni ya Safaricom ilipoanza majaribio ya mtandao wa kizazi cha tano, Kisii ilikuwa miongoni mwa miji minne iliyoteuliwa, pamoja na Nairobi, Kisumu na Kakamega. Basi hapa ndipo penye ajabu: nchi iliyosongamana watu kama siafu, yenye mji uliokuwa katika safu ya mbele ya kujaribiwa mtandao wa kasi kuliko yote, na walakini mwendo wa nusu saa kutoka mjini humo mtu hupandisha simu juu ya mti ili asome barua yake.

Nipe ruhusa, msomaji, nikupitishe kando kidogo. Neno simu lenyewe lilitufikia kutoka Uajemi, na huko maana yake ni waya, kwani simu za kwanza zilizofika mwambao wetu zilikuwa nyaya kwelikweli, na ule mkonga wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ukafika Unguja mwaka 1879. Siku hizi simu haina waya, na kile kijipande kidogo tunachokitia ndani yake, ambacho ndicho kisichogusana na uzi wala kamba ya aina yoyote, tumekiita laini. Almuradi lugha yetu imeng'ang'ania waya kana kwamba inajua siri, na siri yenyewe ni hii, kwamba intaneti ya simu isiyo na waya husafiri karibu njia yake yote ndani ya waya, na ni kile kipande cha mwisho tu, kutoka mlingotini hadi mkononi mwako, ndicho kinachopita hewani. Shida nyingi za Gusii ziko katika kipande hicho kifupi.

Nasema nyingi, si zote. Hadi mwaka 2009 Kenya nzima ilitegemea setilaiti ili kuzungumza na dunia, kwa gharama kubwa na kwa mwendo wa kinyonga, mpaka mwaka huo mkonga wa TEAMS ulipotua Mombasa kutoka Fujairah, na ule wa SEACOM ukafuata mwezi Julai, kisha EASSy mwaka 2010. Mikonga hiyo ni nyuzi za kioo, ambazo watu wetu huziita faiba, na zikikatika baharini hata mtu aliye Ogembo huhisi. Siku ya Jumapili, 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote ikaburura miguu kwa siku kadhaa. Majanga ya namna hiyo ni ya nadra, nayo huwapata wa mjini na wa shamba sawasawa, kwa hiyo mtu wa Manga hana haja ya kuibebesha bahari makosa ya kilima chake.

Na kilima ndicho mfalme. Mawimbi ya mtandao hayafanani. Yako yale mazito, ya masafa ya megahezi 700 au 800, ambayo husafiri mbali, hujipinda kidogo ukingoni mwa kilima na huweza kupenya ukuta, lakini hayabebi shehena kubwa; na yako yale mepesi, ya 1800, 2100 na 2600, ambayo hubeba shehena tele kwa kasi, lakini huchoka upesi, na yakikutana na mwinuko husimama. Aliyewahi kulisikia obokano, kile kinubi kikubwa cha Wagusii, likipigwa kwenye harusi ya ng'ambo, anaifahamu hali hii bila kufundishwa: sauti nzito hukufikia ingawa kilima kimekaa kati, ilhali filimbi ya mchezaji yuleyule huisikii mpaka uvuke kijito. Sasa Gusii yote ni vilima na vijito. Nchi hii imekaa baina ya mita 1,500 na zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari, imekunjwakunjwa kama shuka iliyoamkiwa, na desturi ya wenyeji tangu jadi ni kujenga nyumba mteremkoni, shamba likishuka kutoka barabara ya juu hadi mto wa chini, kila mwana akipewa kipande chake chembamba cha kutelemka. Aliye juu karibu na barabara anauona mlingoti. Ndugu yake mdogo aliyegawiwa chini karibu na mto amekaa katika kivuli, wala si kivuli cha jua bali cha mawimbi, na mara nyingi urithi ndio unaoamua nani atapata intaneti na nani atakosa.

Juu ya kilima kuna miti. Mkaratusi umewapatia watu wa hapa kuni, mbao na nguzo za stima, wala sina ugomvi nao ila huu mmoja, kwamba safu yake ya mita 20 au 30 iliyopandwa mpakani, majani yake yakiloa, huyanywa mawimbi kama inavyoyanywa maji ya chemchemi. Mtu huona simu yake ina vijiti vinne wakati wa kiangazi na viwili wakati wa masika, akailaumu kampuni, na kumbe mlaumiwa amesimama mpakani akitikisa kichwa. Kisha juu ya miti kuna mabati aliyoyataja Mwalimu. Bati hurudisha mawimbi yalikotoka kama kioo kinavyorudisha nuru, kwa hiyo nyumba yenye paa la bati, na madirisha ya vyuma yenye nondo zilizosukwa karibukaribu, ni kama sanduku. Na nyumba za nyasi za mababu, ambazo tumeziacha kwa kuona haya, zingefaa zaidi kwa jambo hili. Ndiyo maana mtu asiyejua hununua kijimashine cha waifai kwa maelfu ya shilingi, akakiweka chini ya televisheni sebuleni, mahali pazuri pa kutazamwa na wageni, kisha akalalamika. Kiweke kwenye dirisha linalotazama mlingoti, hata kama ni dirisha la jikoni. Tofauti ya hatua tatu ndani ya nyumba moja yaweza kuwa tofauti ya kuonana na mwanao aliye Doha uso kwa uso na kuiona picha yake imeganda mdomo wazi.

Fauka ya kilima kuna umati. Mlingoti ni kama bomba la kijiji: maji yaliyomo ni kiasi kilekile, wakija watu watano kila mmoja hujaza mtungi upesi, wakija mia tano hupata matone. Kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku, watu wakiwa wamekwisha kula na watoto wamekwisha kunyamaza, kila nyumba ya kijiji hufungua bomba kwa wakati mmoja. Lakini kiyama cha mtandao wa Gusii ni Disemba. Kuanzia tarehe 22 hivi, magari hushuka kutoka Nairobi na Mombasa usiku kucha, na kila gari lina watu wenye simu mbilimbili, waliozoea kasi ya mjini, wanaotaka kurusha picha za mbuzi anayechinjwa kabla hajachunwa. Na mlingoti uliojengewa watu wa kila siku hulemewa mpaka hata ujumbe mfupi wa maandishi huenda kwa kusuasua. Nimeona wazee wakinuna kwa kuwa wajukuu waliokuja kuwasalimia walishinda siku tatu kwenye kichuguu nyuma ya zizi la ng'ombe, mahali pekee palipokuwa na nafasi.

Nami nilipata kuadhirika kwa jambo la namna hii. Mpwa wangu alikuwa na maombi ya kujazwa mtandaoni, na siku ya mwisho ilikuwa siku ile ile saa sita usiku, na sisi, kwa uvivu unaojulikana, tulianza saa mbili usiku. Fomu ilifunguka kwa shida, tukaijaza, tukafika mahali pa kuweka picha ya pasipoti, na hapo kikombe kikafurika: duara lilizunguka, likazunguka, likatuambia tujaribu tena. Tulijaribu mara kumi na moja. Saa nne tulipanda boda boda kuelekea Keroka, tukamkuta kijana wa saiba anafunga mlango, tukamsihi, akafungua kwa huruma na kwa shilingi mia mbili, akaitazama picha yetu, akauliza swali moja tu: "Hii picha ni megabaiti ngapi?" Zilikuwa 4. Akaipunguza ikawa sehemu ya ishirini ya ukubwa wake, na fomu ikapita mara ile ile, na mimi nikajifunza hesabu ambayo kila mtu wa shamba angepaswa kuijua. Kasi ya mtandao hupimwa kwa megabiti, na ukubwa wa faili kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Basi picha ya megabaiti 4 ni megabiti 32, na ikiwa mtandao wako unapandisha kwa sehemu moja ya kumi ya megabiti kila sekunde, kama ulivyokuwa wetu jioni ile, picha hiyo hudai sekunde 320, yaani zaidi ya dakika tano bila kukatika hata mara moja. Picha iliyopunguzwa ilidai sekunde 16. Kwa kawaida mtandao wa simu hushusha kwa kasi kuliko unavyopandisha, na ndiyo sababu mtu huweza kutazama video na asiweze kutuma barua yenye kiambatisho.

Mvua nayo ina neno lake. Upepo unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda vilima vya Gusii mchana, ukapoa, na alasiri ukageuka ngurumo, mvua na radi karibu miezi yote ya mwaka. Matone ya mvua hayaizuii sana simu yenyewe, bali huyaziba yale mawimbi ya masafa makubwa mno ambayo mlingoti mmoja huyatumia kuzungumza na mwenziwe pale ambapo faiba haijafika, na vilevile mawimbi ya setilaiti. Radi ina ukatili zaidi. Mwenye waya unaoshuka kutoka juu ya mti au ya paa na asiuchomoe anga likianza kuguna, anaialika radi nyumbani, na Gusii haikuwa na upungufu wa misiba ya radi hata kabla ya kuja intaneti. Mwalimu huiteremsha chupa yake kila siku ifikapo saa nane mchana, mvua iwepo isiwepo, wala hamtumi mtoto kuifanya kazi hiyo.

Kisha stima hupotea. Ilipotea nchi nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, lakini katika vijiji vyetu hupotea bila kutangazwa kwa ukubwa huo, tawi la mkaratusi likiangukia waya. Milingoti ina betri, na mingine ina jenereta, lakini betri ni za saa kadhaa tu, na mlingoti ulio mbali na barabara hunyamaza wa kwanza. Kwa upande wa nyumbani dawa ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani, kwani kijimashine cha waifai aghalabu hula stima ya volti 12 na kwa uchache sana, kiasi cha balbu ndogo, na kuna vibetri maalumu vya kukishikilia kwa saa tatu au nne.

Kuna wakati tulipokombolewa kutoka juu, na sijui kwa nini habari hiyo imesahauliwa upesi hivi. Mnamo Julai 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa ajili ya korona, kampuni ya Loon, iliyokuwa mali ya Alphabet wenye Google, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilianza kuuza mtandao wa simu kutoka kwenye mapurutangi. Yalikuwa kama 35, kila moja likikaribia uwanja wa tenisi kwa ukubwa, yalielea kilomita 20 juu ya ardhi, juu ya mawingu na juu ya njia za ndege, yakila jua, na yakipanda na kushuka kuutafuta upepo wa kuyapeleka yanakotakiwa. Na eneo lililofunikwa, la kilomita za mraba karibu 50,000, lilikuwa pamoja na Kisii, Kericho, Bomet, Kisumu, Kakamega, Eldoret na Narok. Kwa mtu wa bondeni hiyo ilikuwa hikima safi, kwa maana kilima hakiwezi kumficha mtu na kitu kilicho juu ya utosi wake. Lakini tambo la mapurutangi halikulipa gharama zake. Mwezi Januari 2021 wenyewe walitangaza kwamba wanafunga, na ilipofika Machi huduma ya Kenya ilikuwa imezimwa, mwezi uleule ambao mji wa Kisii ulianza kuonjeshwa 5G. Mjini pakaongezwa, na bondeni pakaondolewa. Wala simlaumu mtu, nayataja tu yalivyofuatana.

Baada ya mapurutangi zikaja setilaiti za Starlink, zilizofunguliwa rasmi nchini Julai 2023. Setilaiti za zamani zilikaa kilomita 35,786 kutoka ardhini, na sauti ilichelewa kwenda na kurudi mpaka watu wakakatizana maneno. Hizi mpya hukaa kilomita 550 hivi, nazo hupita kwa msururu, moja ikipokezwa na nyingine. Nimeona sahani zake juu ya nyumba kadhaa kati ya Kebirigo na Keroka, na kwa haki niseme zinafanya kazi, ila zina adui yuleyule: zinataka anga wazi, na mkaratusi ukisimama mbele yao mazungumzo hukatika kila setilaiti ipitapo nyuma ya tawi. Tena sahani hula stima mara kadhaa zaidi ya kijimashine cha kawaida, jambo ambalo mwenye sola ndogo sharti alifikirie mapema, na bei yake si ya kila mtu anayeuza kilo chache za majani chai.

Sasa mtu asiye na sahani afanyeje? Nimekaa na watu wengi wanaoishi na mtandao dhaifu bila kugombana nao, na nimeona kwamba wana tabia moja kubwa, nayo ni kutenganisha kazi na kutuma. Mfano bora uko kwenye vituo vya kununulia majani chai. Karani hupima magunia kwa mizani ya umeme, kijimashine chake humtolea mkulima risiti pale pale, na hesabu hubaki humo hata kama kituo hakina mtandao wa kutosha kupiga simu. Na jambo la kuzifikisha hesabu kiwandani huja baadaye. Mkulima hasubiri mlingoti. Binti wa Mwalimu hufanya vivyo hivyo kwa masomo yake: huandika kila kitu bila mtandao, huamka saa kumi alfajiri, wakati bomba la kijiji halina foleni na bando za usiku ni rahisi, akashusha mihadhara na kupandisha kazi zake, kisha akarudi kulala. Simu yake imekatazwa kushusha picha na video za WhatsApp kwa hiari yake yenyewe, na programu zimekatazwa kujihuisha mchana. Anayo Kiwix, ambayo humwezesha kuweka kamusi elezo nzima ya Wikipedia ndani ya kompyuta na kuisoma bila intaneti kabisa, jambo ambalo kila shule ya sekondari iliyo bondeni ingeweza kulifanya wiki hii kwa kumtuma mwalimu mmoja mjini na diski.

Mzee mwenyewe ana laini mbili za kampuni mbili, kwa kuwa milingoti yao mara nyingi haikujengwa kilima kimoja, na huu ukizimika ule huwaka. Alinionyesha jambo jingine lililonishangaza: jioni, kizazi cha nne kikilemewa, huiamuru simu irudi kizazi cha tatu, ambacho watu wamekikimbia, na huko hupata nafasi ya kusoma barua zake kwa utulivu, kama msafiri aachaye barabara kuu akashika ile ya zamani. Na fedha haitumi kwa programu ya intaneti hata kidogo. M-Pesa ilizaliwa mwaka 2007, wakati simu nyingi za Kenya hazikuwa na intaneti, ikajengwa juu ya menyu ya laini yenyewe, na mpaka leo njia hiyo hupita mahali ambapo duara la intaneti lingezunguka mpaka alfajiri.

Lakini sitaki kumsifu mtu kwa kustahamili jambo ambalo hakupaswa kulistahamili milele. Mkonga wa taifa uliojengwa na serikali ulikusudiwa kufika makao makuu ya kaunti zote 47. Kampuni binafsi zimelaza faiba zao kando ya barabara za lami. Na serikali iliyoingia 2022 iliahidi kilomita 100,000 za faiba na vituo 25,000 vya waifai ya umma. Ahadi hizo zitapimwa sokoni Kebirigo na Nyamache, wala si kwenye hotuba. Kinachosalia kwa mtu wa Gusii ni kutoka lami hadi nyumbani, na hapo ule msongamano wa watu, unaoutesa mlingoti, hugeuka neema, kwa sababu faiba huwa ghali pale ambapo nyumba ziko mbalimbali. Nyumba zikigusana, waya mmoja huwatosha wengi na gharama ikagawanyika. Wala si lazima kungojea kampuni: tangu 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya imeweka leseni ya mitandao ya jamii, ambayo kwayo kikundi cha wanakijiji chaweza kununua intaneti kwa jumla na kugawana kwa halali, na watu wa Kibera wamekuwa wakifanya jambo la namna hiyo chini ya jina la TunapandaNET. Gusii yenye vyama vya chai, vyama vya kahawa na vikundi vya akina mama visivyohesabika haiwezi kusema kwamba haijui kuchanga.

Siku niliyoaga kwa Mwalimu niliamua kutembea kutoka kwenye mparachichi hadi lami, mahali ambapo kigingi kidogo cha zege kinaonyesha kwamba faiba imepita chini yake. Ni mwendo wa dakika kumi na tano, kwa mtu asiye na haraka, na nyumba zilizo kando ya njia hiyo, kulia na kushoto, nilizihesabu. Ni 31.